Nagona, Kichwamaji na wenzake: uzoefu wangu na riwaya za kifalsafa

Mimi si mwalimu wa fasihi. Nafanya kazi stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza, nasoma usiku na Jumapili, na vitabu nanunua kwa hela yangu. Kwa hiyo haya ni maoni ya mteja. Riwaya za Kiswahili zinazoitwa za kifalsafa nimeshasoma kadhaa, na naona wengi wanaokata tamaa nazo wameingilia mlango usiofaa.

Mlango huo usiofaa ni riwaya ya Nagona. Ndiyo nyembamba, haifiki hata kurasa 100, basi mtu anaichukua akijua ataimaliza mchana mmoja. Euphrase Kezilahabi aliitoa mwaka 1990, na Mzingile ikafuata 1991. Kiswahili chake chepesi ajabu. Sentensi fupi, maneno ya kila siku, kamusi unaweza kuiacha kabatini. Mtoto wa darasa la saba ataisoma kwa sauti bila kukwama. Halafu unafika mwisho wa sura unajiuliza: hivi hapa kumetokea nini?

Msimuliaji hana jina. Mwaka hautajwi, nchi haitajwi. Kuna paa anayekimbizwa, ndiye huyo Nagona, kuna ngoma kuu inayosubiriwa, na majina ya wanafalsafa wa Ulaya yanakuibukia katikati ya mambo yanayofanana na ndoto. Ukizoea riwaya ambayo fulani anampenda fulani na baba mtu anakataa, hapa utatafuta pa kushika usipaone.

Nakala yangu niliinunua kwa wauza vitabu vya mitumba, wale wanaotandika chini. Aliyekuwa nayo kabla yangu alikuwa mwanafunzi, nadhani, maana ameandika pembeni kwa penseli. Paa alipojitokeza ameandika "= ukweli". Mbele kidogo amekata, ameandika "= haki". Mbele tena "= ukombozi??" na alama mbili za kuuliza. Baada ya hapo kurasa zote ni safi, hakuna hata mstari. Nilicheka sana, lakini pia nilimwonea huruma, kwa sababu alikuwa anasoma kama anayejaza mtihani: ishara hii jibu lake hili. Kitabu hiki hakisomeki hivyo. Kila ukikipa jibu moja, ukurasa unaofuata unakunyang'anya.

Aliyenisaidia ni mjomba wangu, mwalimu mstaafu. Nilimpelekea kitabu, tukakaa barazani kwake.

"Shikamoo, mjomba. Hebu niambie, huyu Nagona ni nani hasa?"

"Marahaba. Kwani umeshamkamata?"

"Bado."

"Sasa unataka kumchinja kabla hujamkamata? Soma, mjomba. Soma kwa sauti."

Basi tukawa tunasoma kwa kupokezana, yeye ukurasa, mimi ukurasa. Kwa sauti kitabu kinabadilika. Yale mazungumzo ambayo kimoyomoyo yalionekana hayana kichwa wala miguu, yakisemwa na watu wawili yanakuwa kama mafumbo ya wazee kilabuni, mmoja anatupa, mwingine anadaka au anaachia lipite. Ushauri wangu wa kwanza kwa mnunuzi ni huo: kama huna wa kusoma naye, Nagona isubiri.

Anza na Kichwamaji. Ni ya Kezilahabi huyohuyo, ya mwaka 1974, na hii ina watu wenye jasho. Kazimoto ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu, amerudi nyumbani likizo. Rafiki yake wa utotoni, Manase, sasa ni mkubwa serikalini, na amempa mimba Rukia, dada yake Kazimoto. Kazimoto anapanga kulipiza kwa Sabina, dada yake Manase. Mpaka hapo ni kisa ambacho ungeweza kukisikia kwenye daladala. Lakini huyu kijana anafikiri bila kupumzika. Kila jambo linalompata analigeuza swali: kuna maana gani, mbona tunaendelea, nani alisema lazima? Na maswali yanamtoka akiwa katikati ya shughuli, akitembea, akinywa, akibishana na wenzake, kwa hiyo hutahisi unahubiriwa.

Wachambuzi wengi wakimsoma Kazimoto wanamkumbuka mwandishi Mfaransa Albert Camus, na nimeona kwa nini. Ila baada ya kusoma wote wawili mimi naona tofauti iliyo kubwa kuliko kufanana. Meursault, yule mtu wa Camus kwenye riwaya ya 1942, anamzika mama yake bila chozi, na siku inayofuata anakwenda kuogelea baharini. Anaweza kuwa peke yake kiasi hicho. Kazimoto hawezi. Hata akitaka kukaa na utupu wake, kuna mama, kuna baba, kuna dada mwenye mimba, kuna jirani anayepita kusalimia na lazima aitikiwe. Anaona maisha hayana maana huku bado ana deni la heshima ya dada yake. Ukiniuliza, hapo ndipo Kezilahabi alipofanya jambo lake mwenyewe. Kukata tamaa katikati ya ukoo ni kugumu kuliko kukata tamaa chumbani.

Tahadhari: mwisho wake ni mzito, na sitausema. Kama uko kwenye kipindi kibaya, weka kitabu pembeni kwanza, hakitakimbia.

Kusadikika ya Shaaban Robert wengi mmeisoma shuleni, kwa hiyo nitapita haraka. Ilitoka 1951, wakati Tanganyika iko chini ya Waingereza, na inahusu nchi inayoelea hewani ambako Karama anashitakiwa kwa kufundisha uanasheria. Pale majina yanakuambia kila kitu. Waziri anaitwa Majivuno, umeshamjua kabla hajafungua kinywa. Nilipoirudia ukubwani nilichoka, maana wajumbe sita wanatumwa pande sita na kila mmoja anarudi na mema anaishia gerezani. Nikakaribia kuifunga. Kilichonirudisha ni kukumbuka kwamba wanaosikiliza hizo habari ndio haohao waliowafunga. Karama anawasomea daftari la madeni yao, na hawezi kuruka hata mstari mmoja. Msomaji anachoka pamoja na mahakama. Lugha yake tamu, hilo halina ubishi, japo wakati mwingine inakaa sana mbele ya kioo.

Mzingile niliiacha ya mwisho, na ndiyo niliyoipenda kuliko zote, jambo ambalo sikulitegemea. Ni ngumu kama Nagona, lakini ina kitu cha kushika: msimuliaji ana kazi ya kumtafuta mzee na kumfikishia habari ya msiba. Yeyote aliyewahi kutumwa kazi hiyo anajua uzito wake. Unafika, unakaribishwa kiti, unaulizwa za huko, unajibu nzuri, unapewa maji, na muda wote neno limekukaa kooni. Kezilahabi amechukua hali hiyo tunayoijua, akaipeleka kwenye maswali makubwa kabisa, juu ya Muumba na viumbe wake, na nani anayepaswa kumpa mwenzake taarifa. Sidai nimeielewa yote. Kuna sura nimezisoma tena na bado zinanipita. Lakini hata pasipoeleweka nilijua ninatafuta nini, na Nagona ilininyima hilo.

Malalamiko ninayo kuhusu upatikanaji. Kezilahabi alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, yaani hapo ng'ambo tu kwa feri, na akafariki Januari 2020, lakini kupata vitabu vyake hapa mjini ni kazi. Rosa Mistika, riwaya yake nyingine, na Kichwamaji angalau unaweza kubahatisha. Nagona na Mzingile utaambiwa "zimeisha" na watu ambao hawajawahi kuwa nazo. Duka moja liliniuzia kivuli cha Mzingile kilichobanwa kwa spairo, na nilipofika nyumbani nikakuta kurasa kadhaa zimerudiwa na nyingine hazipo. Nilirudisha. Muuzaji akaniambia kitabu chenyewe ndivyo kilivyoandikwa. Kwa kitabu kingine ningegomba palepale. Kwa hiki, kusema kweli, nilisita kidogo kabla ya kumwambia alete hela yangu.

Hela nilirudishiwa nusu. Nakala nzima nikaja kuipata kwa mtu wa chuo aliyekuwa anahama, na sasa hivi iko kwa mjomba, ambaye kila nikimuuliza amefika wapi ananijibu mzee bado hajaonekana.