Nilivyosoma "Before I Let Go" nikiwa Mwanza, na yaliyotokea nyumbani kwetu

Riwaya za mapenzi nimeanza kuzisoma nikiwa kidato cha pili, zile za kuazimana bwenini mpaka jalada linachanika na kurasa za mwisho zinapotea. Nimesoma nyingi sana na nyingi nimezisahau. Hii sijaisahau, na nimeona niielezee kwa kirefu kwa sababu najua kuna wanawake wenzangu wanaoihitaji kama nilivyoihitaji mimi.

Mwandishi ni Kennedy Ryan, Mmarekani mweusi, na kitabu kilitoka mwaka 2022. Mwaka 2019 dada huyu alishinda RITA, iliyokuwa tuzo kubwa ya riwaya za mapenzi kule kwao, na mwaka huo ndio kwanza tuzo hiyo ilifika mikononi mwa waandishi weusi. Vitabu vyetu vya bwenini vilijaa wasichana wenye nywele za dhahabu na macho ya bluu. Tulivipenda, ila hatukuwemo.

Hadithi iko Atlanta. Yasmen na Josiah wameshaachana, lakini wana watoto wawili, Deja na Kassim, na wana mgahawa wanaoumiliki pamoja, kwa hiyo kila siku lazima waonane. Mgahawa unaitwa Grits. Nilitafuta maana yake: ni mahindi ya chengachenga yanayopikwa mpaka yawe mazito, ndugu kabisa wa ugali wetu. Ndoa yao haikuvunjwa na mchepuko wala ulevi. Walifiwa na Byrd, mwanamke aliyemlea Josiah, kisha mtoto wao wa tatu akazaliwa akiwa ameshafariki. Yasmen akaanguka kwenye sonona, kitandani hatoki. Josiah akakimbilia kazi. Kila mmoja akabaki na kilio chake, mpaka mke akaomba talaka.

Mtoto yule alikuwa na jina. Henry. Linatajwa tena na tena kitabuni, na mara ya kwanza nilipolisoma nilifunga kitabu.

Mwaka wa sita sasa tangu nijifungue mtoto wa kiume, mimba ya miezi minane, kimya. Nilikuwa bado nimelazwa wakati anazikwa. Hapakuwa na matanga. Watu walikuja kunipa pole ya ugonjwa, si ya msiba, na waliokuwa na nia njema kabisa waliniambia nishukuru nimepona, Mungu atanipa mwingine. Beseni lake la kuogea, la kijani, lenye vitenge viwili vipya na kofia aliyofuma mama yangu, lilisukumwa uvunguni. Nikifagia nalivuta, nafagia, nalirudisha. Hakuna aliyeuliza anaitwa nani, na sisi hatukumpa jina.

Ndiyo maana nasema riwaya hii ina kina. Waandishi wengi wakitaka kuonyesha huzuni wanamliza mhusika kwenye mvua, ukurasa unaofuata anabusiwa. Ryan anaiacha huzuni ikae ndani ya nyumba kama mtu wa familia. Inakuwepo watu wakipika, inakuwepo wakigombana kuhusu shule za watoto. Deja ana hasira na mama yake, na mtoto wa miaka 13 hawezi kusema hasira hiyo imetoka wapi. Sura zinapokezana, moja anasimulia Yasmen, nyingine Josiah, kwa hiyo unajua kila mmoja anachomficha mwenzake, na inauma kwa sababu unaona wangesema neno moja tu wangeokoka.

Sehemu kubwa nilisoma kwenye kivuko cha Kamanga nikienda na kurudi kwa mama Sengerema. Siku moja nilishindwa kujizuia, nikajifunika khanga usoni. Mama wa pembeni yangu, mwenye ndoo ya nyanya, akanishika bega: "Pole mwanangu, umefiwa na nani?" Nikamjibu, "Mwanangu." Sikuwahi kulitamka hivyo mbele ya mtu. Hakuuliza zaidi. Alinishika bega mpaka tunafika ng'ambo.

Mume wangu, Baba Rehema, ananunua dagaa Mwaloni pale Kirumba. Kingereza hakisomi. Usiku wa giza wavuvi wako ziwani na yeye anadamka alfajiri kuwahi mitumbwi, lakini siku za mbalamwezi dagaa hawavuliki, basi anakuwa nyumbani na usingizi hauji mapema. Hapo ndipo nilipoanza kumsimulia kwa Kiswahili, sura moja moja, tukiwa kibarazani. Alikuwa akicheka jinsi Josiah anavyomwonea wivu mtalaka wake. Nikafika pale Josiah, aliyekuwa akikataa habari za washauri nasaha, anapokubali kwenda kwa ajili ya mwanawe Kassim, halafu na yeye mwenyewe anaanza kufunguka.

Baba Rehema akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mimi nilimbeba." Nikauliza nani. "Yule wetu. Nilimbeba kutoka hospitali mpaka makaburini, sikumpa mtu. Alikuwa na nywele nyingi, Mama Rehema. Kama za Rehema alipozaliwa."

Miaka sita tumelala kitanda kimoja na sikujua mwanangu alikuwa na nywele nyingi.

Sasa kasoro, maana zipo. Sura za chumbani zimeandikwa waziwazi kabisa, kwa hiyo kitabu hiki usikiache mezani penye watoto wanaojua kusoma. Baba Rehema alilalamika kwamba watu hawa wana pesa mno, nyumba kubwa, mgahawa unarudi kwenye chati, na mimi nakubaliana naye kiasi. Ukiwa na hela ya mshauri nasaha kila wiki safari yako inakuwa tofauti na ya kwetu. Mark, mwanamume anayemtaka Yasmen, hana uzito wowote, unajua toka mwanzo yupo kwa ajili ya kuachwa. Kingereza chake kina misemo mingi ya Wamarekani weusi, ila aliyemaliza kidato cha nne akivumilia sura tatu za mwanzo atazoea.

Kuhusu kukipata: maduka ya vitabu niliyopita mjini yana vya shule zaidi. Kwa haraka zangu nilimlipa mtu mtandaoni shilingi 3,000 anitumie nakala ya simu, ikaja imekatika katikati, sura zimerukwa, na alipoona nadai akanifungia. Ilikuwa nakala ya wizi, na mwandishi hakupata hata senti yake, jambo linaloniuma mpaka leo. Nakala halali aliniletea mdogo wangu kutoka Dar, nikaanza upya ukurasa wa kwanza.

Ukiniuliza kama utavunjika moyo mwishoni, hapana. Riwaya za aina hii zinakuahidi kwamba wawili watafika, na kwangu ahadi hiyo ndiyo iliyonipa nguvu ya kusoma zile kurasa ngumu. Bila hiyo nisingevuka sura ya tano.

Kuna vingine viwili vinavyofuata. "This Could Be Us" cha 2024 ni cha rafiki yake Yasmen, Soledad, ambaye mumewe anakamatwa kwa wizi wa kazini na kumwachia mabinti watatu. Anayempenda baadaye ni Judah, baba wa mapacha wenye usonji. "Can't Get Enough" cha 2025 ni cha Hendrix, rafiki wa tatu. Hicho cha Soledad ninacho tayari. Baba Rehema ameshaniuliza mara mbili kama Soledad ndiye yule mpishi wa mgahawani. Nimemwambia asubiri mbalamwezi.