Project Gutenberg kwa msomaji wa fasihi ya Magharibi

Kwa anayesoma fasihi ya Magharibi tangu karne ya 17, maktaba hii ya bure ya mtandaoni, iliyoanzishwa mwaka 1971, inakutosha kwa matini tu. Unapakua faili la EPUB (muundo wa kitabu cha kielektroniki) bila kujisajili. Muktadha utautafuta kwingine, maana vitabu vingi havina tanbihi za kitaaluma.

Kinachowakwaza wengi ni toleo. Chukua Frankenstein, riwaya ya Mary Shelley: lipo la 1818 na la 1831, na si kitu kimoja. Katika la kwanza, lililotoka bila jina la mwandishi, Elizabeth ni binamu yake Victor, mhusika mkuu. Katika la pili ni yatima aliyechukuliwa na familia, na Mary Shelley ameongeza utangulizi. Ukinukuu la 1831 kwenye insha kuhusu Uingereza ya 1818, hoja imeshalegea. Kagua kurasa za mwanzo kwanza.

Tafsiri ndizo dhaifu zaidi. Hakimiliki ya Marekani, ambayo maktaba hii huifuata, huacha huru hasa zile kongwe, na kongwe nyingine zilikatwa makali. Mchapishaji wa Zola, mwandishi wa riwaya wa Ufaransa, jijini London, Henry Vizetelly, alifungwa mwaka 1889 kwa kuchapisha riwaya hizo, zilizohesabiwa kuwa chafu. Ndiyo maana tafsiri za Kiingereza za miaka hiyo zinaruka mambo. Kwa Zola, nunua tafsiri mpya.