Katiba au sheria ya Bunge: pori la umma lilindwe na nini?

Nchini Marekani, majimbo mawili yameshika njia tofauti. New York iliunda hifadhi yake ya misitu mwaka 1885, kisha mwaka 1894 ikaiingiza kwenye katiba: ardhi ibaki pori daima, miti isiuzwe, isiondolewe wala kuharibiwa. California ilitunga sheria ya kawaida ya mapori ya jimbo mwaka 1974.

Kwa uimara, New York iko mbele sana. Kubadili kifungu kile kunahitaji mabunge mawili yaliyochaguliwa kwa nyakati tofauti, halafu kura ya wananchi. California, Bunge likipitisha muswada na gavana akatia saini, ulinzi unaweza kulegezwa. Hilo linanitia hofu, nakiri.

Lakini ugumu huo una gharama yake. Hata mteremko wa kuteleza kwenye theluji katika mlima Whiteface ulihitaji marekebisho ya katiba, mwaka 1941. Na mwaka 2021 mahakama ya juu kabisa ya New York ilizuia njia za magari ya theluji kwa sababu ya miti ambayo ingekatwa. Mimi naufurahia uamuzi huo. Msimamizi wa msitu huenda asiufurahie.

Kuongeza eneo jipya, sheria ya kawaida ni nyepesi zaidi.

Kama pori lenu linawindwa na wakata mbao, piganieni katiba. Kama bado mnatafuta la kulinda na mipaka haijatulia, anzeni na sheria.