Danforth ya kilo 8: chukua nanga, seti waachie

Kwa boti ya faiba ya mita 6 au 7 yenye injini ya nje, nanga aina ya Danforth ya kilo 8 inatosha, ilimradi ujue inashika wapi. Makombe yake mawili mapana hujichimbia kwenye mchanga na tope, na hapo nanga ya nondo (ile ya vyuma vilivyopindwa kama kulabu) haioni ndani. Hukunjwa bapa, haili nafasi kwenye omo (mbele ya boti). Kwenye mwamba rudia ile ya nondo. Kwenye majani ya bahari Danforth huteleza juu juu kama reki, na matumbawe tusiyatilie nanga yoyote.

Kasoro yake hasa huonekana maji yakigeuka. Mkondo ukivuta upande wa pili, nanga huweza kung'oka. Jiwe dogo likikwama kati ya makombe na mpini, haichimbi tena. Boti isilale peke yake juu ya nanga hii.

Kinachoudhi ni seti inayouzwa nayo: mnyororo wa mita 2 wa milimita 6, na mita 30 za kamba ya plastiki inayoelea. Kamba hiyo jua huila ikawa unga, na boti ikitulia, inaelea hadi kwenye pangaboi. Afadhali mnyororo uliopakwa zinki wa milimita 8, mita 7, na nailoni ya milimita 12, mita 65. Nailoni huzama, tena hunyumbuka, kwa hiyo wimbi halipigi kliti (kifungio cha kamba kwenye boti) kwa kishindo.

Mita 65 si nyingi. Maji ya mita 5 wakati wa kupwa, bamvua (maji makubwa) ya Mombasa au Unguja iongeze karibu 4, omo mita 1 juu ya maji: jumla 10. Mchana wa utulivu toa amari (kamba ya nanga) mara tano ya jumla hiyo, yaani 50 pamoja na mnyororo. Upepo ukikaza, mara saba.

Nanga ishushwe, isirushwe, ama mnyororo utajirundika juu yake. Boti irudi nyuma polepole huku unatoa amari, funga kwenye kliti, tia rivasi kidogo. Weka kiganja juu ya amari: ikitetemeka, nanga inakokota.

Shakeli (pingu inayounganisha nanga, mnyororo na kamba) nayo iwe ya kupakwa zinki. Ya chuma kisichoshika kutu humaliza zinki ya pete iliyo jirani. Msumari wake ufunge kwa waya, maana hujifungua wenyewe. Jicho la kamba likose kinga ya chuma ndani, shakeli italisaga.

Na kabla ya yote chungulia chini ya kliti ya omo. Ikiwa imeshikwa na skurubu tu, toa, weka bolti na bamba la alumini kwa chini. Usihamie kufunga tezi (nyuma ya boti): uzito wa injini uko huko, na wimbi litaingia.

Osha mnyororo kwa maji yasiyo na chumvi, ugeuze ncha kila mwaka, na unene wa pete ukibaki milimita 7, tupa.