St. Kilian ya moshi iliyolala kwenye pipa la sheri, uzoefu wangu

Aisee wapenzi wa wiski, leo niwaambie kuhusu hii ya Kijerumani. Wiski yenye moshi mzito ukiilaza kwenye pipa lililowahi kukaa sheri (ile divai kali ya Uhispania) mara nyingi vitu viwili vinagombana, moshi unafunika kila kitu, au sheri inazidi mpaka unasikia harufu ya mpira ulioungua. Hii wameipatia, moshi na sheri vinasikilizana, na mimi hilo ndo naliangalia kwanza.

Inatengenezwa St. Kilian, kiwanda kipo Rüdenau, kijiji kidogo Bavaria karibu na Miltenberg. Jina ni la mtakatifu Kilian, mmonaki wa Ireland aliyepeleka Ukristo pande za Würzburg karne ya 7. Walianza kukeneka (kuchemsha pombe na kuvuna mvuke wake) 2016 na wiski ya kwanza ikatoka 2019, kwa hiyo usitafute hapa umri wa miaka 18, bado ni kijana, ila kwa wiski ya moshi ujana sio tatizo maana moshi unakuwa na nguvu zaidi mapema, pipa likikaa nayo muda mrefu unapoa. Mitambo yao ya shaba imetoka kwa Forsyths wa Rothes, mafundi walewale wanaotengenezea viwanda vingi vya Scotland, na kimea cha moshi, yaani shayiri iliyooteshwa ikakaushwa kwa moshi, nacho wanakitoa Scotland, kipimo cha moshi ni ppm 54 (sehemu 54 kwa kila milioni). Ardbeg, wiski ya Scotland inayojulikana kwa moshi mzito, wanatumia kama 55 hivi, so mnaelewa tunaongelea moshi wa kiwango gani. Ila usiogope hiyo namba, inapimwa kwenye kimea kabla hakijapikwa, mwingi unapotea njiani wakati wa kukeneka.

Sasa glasi. Nimeimimina nikaiacha itulie kama robo saa, na kinachotangulia puani ni zabibu kavu, tende, ganda la chungwa na chokoleti ile chungu, halafu moshi unakuja nyuma taratibu, mkavu, wa majivu na kuni, kwangu mtoto wa kanda ya ziwa ni ule wa sato aliyebanikwa polepole mpaka ngozi ikang'aa mafuta. Hakuna harufu ya dawa ya hospitali. Ile ni ya Islay, kisiwa cha Scotland, piti wanayochoma kule kukaushia kimea (udongo wa mimea iliyooza) ina mwani na mambo ya bahari ndani yake ndo maana wiski ya huko kama Laphroaig inanukia vile, hii haina bahari kabisa na mimi binafsi naipendea hapo.

Mdomoni inaanza tamu, nzito, inakaa ulimini, kisha pilipili manga na moshi vinapanda pamoja. Utamu nadhani ni kazi ya pipa la Pedro Ximénez, sheri tamu sana, zile zabibu zake zinaanikwa juani Uhispania mpaka zinakaribia kukauka ndo zinakamuliwa, na Oloroso, aina nyingine ya sheri isiyo tamu, ndo inaleta ule ukavu na ladha ya karanga unayoisikia mwishoni. Yangu ina kilevi zaidi ya asilimia 50 kwa hiyo ukiinywa kavu itakuchoma koo na utakosa nusu ya uzuri wake. Weka matone machache ya maji, MATONE sio kumwaga, uone inavyofunguka, mdalasini unatokea, plamu zilizoiva, na moshi unakuwa mpole bila kuondoka. Barafu hapana jamani, inaua harufu yote.

Baada ya kumeza, moshi na zabibu vinabaki mdomoni muda mrefu sana, na glasi tupu asubuhi bado inanukia.

Kama hujawahi kabisa kunywa wiski ya moshi usianzie hapa, kaanze na nyepesi kwanza. Ila kama wewe ni mtu wa Ardbeg au Lagavulin, nyingine ya moshi ya Islay, na unadhani wiski nzuri ya moshi lazima iwe ya Scotland, tafuta hii, iko serious kabisa. Mimi naipa 8.5 kati ya 10, hiyo moja na nusu nimekata sababu bila maji pombe bado ina ukali wa ujana. Na chupa ni ya nusu lita, ukifungua usikimbilie kuimaliza, yangu ilivyokaa wiki kadhaa imefunguliwa ule ukali umepungua na tende zimezidi kutokea.