Sensa ya Grove GSR: Jasho la Vidole na Msongo wa Mawazo

Ndugu watazamaji, hamjambo. Leo nimeweka mezani sensa ya Grove GSR (kifupi cha Kiingereza cha mwitikio wa umeme wa ngozi) ya kampuni ya Seeed Studio, kibao kidogo chenye waya mbili zinazoishia kwenye vitambaa viwili vya kuvalisha vidoleni, na nimeiunganisha na Arduino Uno, kibao cha kielektroniki kinachosoma sensa na kupeleka namba kwenye kompyuta. Wengi mmeniuliza kama kweli inapima msongo wa mawazo. Inapima jasho, tena kwa wepesi unaostaajabisha. Msongo wa mawazo ni jambo jingine, na ningependa tulielewe vizuri kabla hamjatoa fedha zenu.

Viganja na nyayo zina tezi nyingi mno za jasho, nazo huamriwa na sehemu ileile ya mfumo wa neva inayouamsha mwili mtu anaposhtuka au anapoingiwa na wasiwasi. Jasho lina chumvi. Likipanda kidogo tu kwenye vitundu vya ngozi, hata kabla hujaliona kwa macho, umeme hupita kwa urahisi zaidi. Mfaransa Charles Féré alilieleza jambo hili tangu mwaka 1888, kwa hiyo elimu hii ni kongwe. Kilichobadilika ni kwamba leo unaweza kuishika mkononi.

Tuanze. Kabla ya kuvaa, ninachukua bisibisi ndogo na kugeuza skrubu iliyo kwenye kibao taratibu mpaka kompyuta ionyeshe 512, yaani nusu ya hatua 1,024 ambazo Arduino huzigawia volti zake 5. Sasa ninavaa kidole cha shahada na cha kati. Mnaona namba imeshuka na kutulia karibu na 400. Kwa kanuni ya mtengenezaji, huo ni ukinzani wa om 163,000 hivi, yaani kiasi ngozi inavyouzuia umeme, sawa na upitishaji wa umeme wa maikrosimensi 6. Zingatieni kwamba jasho likiongezeka namba hupungua, kwani wanaoanza huisoma grafu kinyume na kudhani wametulia wakati ndipo wameshtuka.

Mwenzangu amesimama nyuma yangu na mfuniko wa sufuria, nami sijui ataudondosha lini.

Naam, mmesikia. Mimi nimeshtuka papo hapo, lakini mstari wa grafu umeendelea kunyooka kwa kama sekunde mbili, ndipo ukateremka, na hata sasa ninapozungumza bado unapanda polepole kurudi ulikotoka. Kuchelewa huko si kasoro ya sensa. Ndio mwendo wa tezi zenyewe, ambazo kwa kawaida huitikia baada ya sekunde 1 hadi 3.

Sasa ninavuta pumzi ndefu, bila hofu yoyote. Mstari umeteremka vilevile. Ukicheka sana utateremka, na ukibana kidole juu ya meza utaruka pia, kwa sababu chuma kimeigandamiza ngozi zaidi. Sensa hutambua kwamba mwili umeamka. Haina njia ya kujua kama ulioamka ni woga, furaha au joto la Dar es Salaam mwezi Februari, ambapo viganja huwa vimelowa kabla hujawaza lolote. Ndiyo maana siziamini kabisa programu zinazoandika kwenye skrini kwamba una msongo wa asilimia 70. Asilimia ya nini? Ngozi ya mtu mmoja hutofautiana sana na ya mwingine, na namba hiyo haina mizani ya kuipimia.

Ninachowashauri ni kuketi kimya kwa dakika tano, mkono ukiwa umetulia juu ya paja, muandike kiwango chenu cha kawaida, kisha mjilinganishe na nafsi zenu tu, katika chumba kilekile. Hesabuni mstari unateremka mara ngapi kwa dakika badala ya kuitazama namba yenyewe. Vyuma vikavu vya vidoleni si sawa na elektrodi (vipande vya kugusia ngozi) za madini ya fedha na kloridi ya fedha zinazotumiwa maabara, hivyo kiwango cha jumla huyumba polepole, ilhali miteremko ya ghafla huonekana wazi.

Kwa mwalimu wa baiolojia au kijana anayejifunza elektroniki, ninaipendekeza kwa moyo wote. Kwa anayetaka kujua hali ya afya yake, siipendekezi. Huyo amwone daktari. Na kila mnapoivaa, chomoeni chaja ya kompyuta mpakato ili ifanye kazi kwa betri, maana hapo mwili wenu umeunganishwa na saketi moja kwa moja.