Nilivyochapisha utafiti wenye video kwa Zenodo na Quarto

Ukifanya utafiti wa teknolojia darasani, na ushahidi wako mzito ukawa kwenye video, PDF itakukwaza mapema sana. Mimi ilinikwaza kwa kipande cha video kisichofika hata dakika moja.

Tulikuwa tunafuatilia namna watoto wa darasa la tano, katika shule moja mkoani Tanga, wanavyotumia Kolibri kufanya mazoezi ya hesabu za sehemu. Kwa asiyeijua, Kolibri ni programu ya bure inayobeba masomo na mazoezi bila kuhitaji intaneti. Unaiweka kwenye kompyuta mpakato moja, vishikwambi vinajiunga nayo kwa Wi-Fi ya mle mle darasani, na kila jibu la mwanafunzi linaingia kwenye akaunti yake. Vishikwambi vyenyewe vilikuwa vya walimu, vile vilivyofanya kazi ya Sensa ya 2022 kisha vikagawiwa mashuleni. Havikutosha, kwa hiyo watoto walikaa wawili wawili kwa kimoja.

Kwenye jedwali la matokeo kuna akaunti moja iliyong'ara kuliko zote. Fungua video sasa. Msichana mwenye akaunti ameshika kishikwambi kwa mikono miwili. Swali linatokea: robo tatu na theluthi mbili, ipi kubwa? Hagusi kitu. Mwenzake wa kushoto anachora kwa kidole kwenye vumbi la dawati, mstari mmoja anaugawa mara nne, wa chini yake mara tatu, anaitazama kidogo, kisha ananyoosha kidevu kuelekea kioo. Hapo ndipo msichana anabonyeza. Programu inaandika: sahihi, bila kidokezo. Aliyepiga hesabu hana hata alama moja kwenye mfumo.

Hilo utalielezaje kwa maneno matupu mhakiki wa jarida akuelewe, achilia mbali akuamini? Jarida la kwanza tulilolipelekea makala (jina nalihifadhi) lilitaka tutoe picha mbili za mnato kwenye video, tuzibandike kama Kielelezo cha 3. Kwenye picha ya mnato unaona watoto wawili wanaangalia kishikwambi. Basi. Tukaamua tuchapishe wenyewe mtandaoni, video na data zote pamoja, kwa Zenodo, ghala la mtandaoni la kazi za utafiti, na Quarto, programu ya kutengenezea ukurasa wa makala, halafu majarida yatatukuta huko.

Wazo hilo hatukuliokota jana. Journal of Interactive Media in Education ilianza mwaka 1996 katika Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, na tangu mwanzo ilitaka makala zenye vitu vya kubonyeza na kujaribu, na hoja za wahakiki zijadiliwe hadharani. Kazi nyingi za enzi zile zilikuja kuuawa na chombo zilichotengenezewa. Adobe iliacha kuihudumia Flash, programu yake ya kuendeshea michezo na michoro hai kwenye wavuti, tarehe 31 Desemba 2020, na kila kilichojengwa kwa Flash kikabaki sanduku jeusi kwenye ukurasa. Kwa hiyo kabla sijagusa huduma yoyote nilijiwekea sharti: video ziwe MP4, maandishi ya kusoma chini ya video yawe faili la VTT ambalo hata programu ya kawaida ya kuandikia inalifungua, data ziwe CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, na ukurasa uwe HTML, lugha ya kawaida ya kurasa za wavuti. Hakuna cha ajabu humo, na ndiyo maana nazipenda.

Tuje kwenye huduma yenyewe. Zenodo ilianzishwa mwaka 2013 na CERN, kile kituo cha fizikia cha Geneva, ikishirikiana na mradi wa Ulaya wa OpenAIRE. Jina limetoka kwa Zenodotus, mkutubi wa kwanza wa maktaba ya kale ya Aleksandria. Haidai senti. Chapisho moja kwa kawaida linabeba hadi GB 50 na mafaili 100, na kila chapisho linapewa DOI, namba ya kudumu ambayo wengine wataitumia kukunukuu. Sehemu ya kuchagua lugha ya kazi ina Kiswahili, ingawa tovuti yenyewe ni ya Kiingereza.

Kitu kilichonifurahisha kuliko vyote ni kitufe cha kutenga DOI mapema. Unaipata namba kabla ya kuchapisha, unaiandika ndani ya makala na mwanzoni mwa video, ndipo unapakia. Matoleo nayo yamefikiriwa vizuri: ukiongeza data, toleo jipya linapata DOI yake, lakini ipo DOI mama inayompeleka msomaji kwenye toleo la mwisho siku zote. Ukishachapisha, kwa kawaida hufungui faili na kulibadilisha kimyakimya. Unatoa toleo jipya na lile la zamani linabaki likionekana. Wapo wanaolalamikia hilo. Mimi naliona ni heshima kwa aliyekwisha kuninukuu. Na kama mkono bado mzito, kuna uwanja wa majaribio wa Zenodo wenye DOI za uongo. Chezea huko mpaka uchoke.

Kuhusu watoto, hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watafiti wengi wanapokata tamaa na kuzifungia video kabatini. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na sura ya mtoto ni taarifa binafsi kama ilivyo namba ya simu. Kibali cha utafiti hakikupi ruhusa ya kuianika mtandaoni. Tuliwaendea wazazi na fomu ya ridhaa yenye maswali yaliyotenganishwa: unakubali mtoto arekodiwe? Unakubali watafiti wengine waione video? Unakubali ulimwengu mzima uione? Wengi walisema ndiyo kwa mawili ya kwanza, wakaguna kwenye la tatu. Bibi mmoja aliuliza, "Ulimwengu mzima unamtafutia nini mjukuu wangu?" Jibu sikuwa nalo, wala sikulitafuta.

Zenodo inaruhusu kutenganisha hivyo hivyo. Maelezo ya kazi yanakuwa wazi kwa kila mtu, mafaili yanafungwa. Anayeyataka anajaza ombi, linakuja kwangu, nikikubali anapata kiungo ambacho naweza kukiwekea tarehe ya kufa. Kwa hiyo tuna machapisho mawili yanayotajana: lililo wazi lina jedwali, manukuu ya mazungumzo na vipande vya video ambavyo nyuso zimetiwa ukungu, lililofungwa lina video kamili. Bahati nzuri ushahidi wetu uko kwenye vidole na kidevu. Ungekuwa kwenye macho, ukungu ungetumaliza.

Kasoro? Zenodo ni ghala. Ukipakia HTML pale, msomaji atalazimika kulipakua. Halifunguki kama ukurasa wa kusoma. Ndipo Quarto ilipoingia. Hii ni programu huria ya kampuni ya Posit: unaandika makala kwa maandishi ya kawaida yenye alama chache, unaonyesha video ikae wapi na jedwali lisomwe kutoka CSV gani, unaamuru, inakutengenezea ukurasa wa wavuti, na ukitaka PDF au Word inakupa kutoka andiko lilelile. Ukurasa wetu tuliuweka GitHub Pages, huduma ya kuweka tovuti mtandaoni, nako ni bure, lakini tovuti nzima isizidi GB 1 na faili moja lisizidi MB 100. Kama umezoea Word tu, Quarto itakutoa jasho mwanzoni. Marejeo yalinitesa kuliko video. Ila ukishaizoea, kurudi kuvuta picha kwa kipanya ili ikae sawa kwenye ukurasa ni adhabu.

Kuhusu bando. Video ya dakika tatu kutoka kwenye simu yangu ilikuwa karibu MB 380. Nani atafungua hiyo kwa bando la siku? HandBrake, programu ya kubana video ambayo pia ni ya bure, iliibana kwa H.264, njia ya kubania video, urefu wa picha pikseli 480, ikashuka chini ya MB 20, na kidole kwenye vumbi bado kinaonekana bila shida. Sauti usiibane sana. Darasa lina kelele zake, na mnong'ono wa mtoto ndio wa kwanza kupotea. Halafu hakikisha video haijichezi ukurasa unapofunguka. Mtu asimaliziwe MB zake kabla hajaamua kama anataka kuangalia.

Kulikuwa na wasomaji ambao ukurasa wa wavuti usingewafikia kabisa, yaani walimu wenyewe wa pale shuleni. Kwao nilitumia H5P, teknolojia huria iliyozaliwa Norwe, kupitia programu ya Lumi ya kompyutani. H5P inakuwezesha kuisimamisha video katikati na kuuliza swali. Video inasimama msichana anapotaka kubonyeza, swali linatokea: unadhani nani amepata jibu? Ukishachagua ndipo inaendelea. Lumi inakusanya kila kitu, video na swali, ndani ya faili moja la HTML linalofunguka kwenye kivinjari bila intaneti. Nililibeba kwenye flash disk. Walimu walibishana kweli kweli, na mwalimu wa hesabu akashikilia kwamba msichana alikuwa anajua tangu mwanzo, alimsubiri tu mwenzake. Hoja hiyo imo kwenye toleo la pili la makala, nasi tukapunguza ukali wa sentensi mbili zilizosema hakujua.

Msitarajie Zenodo iwapitishie kazi. Haina wahakiki, unachopakia ndicho kinachotoka, kiwe kizuri au kibovu, na kamati ya kupandisha vyeo chuoni inaweza kuitazama DOI yako kama risiti ya dukani. Sisi tuliipeleka makala fupi kwenye jarida jingine, la kawaida kabisa, ikitaja DOI ya video kwenye marejeo. Mhakiki mmoja alibonyeza, akatazama, na maswali yake yote yalihusu kidole.

Maombi ya kuona video zilizofungwa yanakuja moja moja, mengi ya wanafunzi wa uzamili. Ninachouliza ni matatu: anafundisha au anasoma wapi, anataka kuangalia nini, na nani mwingine ataona. Asiyejibu la tatu simfungulii.